Mau: Haki Tunayoidai kwa Dunia, Haki Tunayodaiwa Nyumbani

Mwanzoni mwa Septemba 2023, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu tabianchi. Viongozi waliondoka na Azimio la Nairobi, na hoja yake kuu ingeeleweka hata na mtu asiyefuatilia siasa za mazingira: bara hili hutoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto duniani, lakini ukame na mafuriko hulipiga vibaya kuliko walioichafua anga. Basi aliyeharibu alipe, na asiyeharibu asibebeshwe mzigo usio wake. Miezi miwili baadaye, mwanzoni mwa Novemba, walinzi wa misitu wakisaidiwa na polisi waliingia Sasimwani, kaunti ya Narok, wakabomoa na kuchoma nyumba za Waogiek, jamii ya warina asali na wawindaji wa msitu wa Mau. Watu wapatao 700 walibaki bila makao katikati ya msimu wa mvua. Sababu iliyotolewa ni kwamba msitu huo ulikuwa lazima uokolewe.

Mjadala uliofuata umewaacha wananchi wengi njia panda. Wapo wanaouliza inakuwaje Mahakama ya Afrika iamuru watu wapewe hati za ardhi ndani ya msitu ilhali mito inapungua. Wengine wanauliza: ikiwa Waogiek ni watunza msitu, mbona baadhi yao siku hizi wanalima viazi na kufuga ng'ombe? Wengine huwaweka Waogiek kapu moja na walowezi walioingia Mau miaka ya 1990 wakiwa na vipande vya karatasi kutoka kwa wanasiasa. Na wapo wanaoamini kwamba kila kinachotendeka Mau ni hila ya wafanyabiashara wa kaboni. Maswali haya si ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba yanaulizwa yote kwa pamoja, kana kwamba ni swali moja lenye jibu moja.

Nitayatenganisha hapa. Niseme mapema ninakoelekea: dai ambalo Kenya inalipeleka kwenye mikutano ya dunia ndilo Waogiek walilolipeleka mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, na nchi haiwezi kulifanikisha mbele ya mataifa huku ikilipuuza nyumbani.

Mwenyeji ni nani?

Sehemu ya mkanganyiko imo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina neno mwenyeji, na Mkenya yeyote anaweza kulidai: Mkikuyu ni mwenyeji wa Murang'a, Mdigo ni mwenyeji wa Kwale. Serikali ilikwenda na mantiki hiyo mbele ya majaji wa Arusha, ikidai kwamba Waogiek hawana upekee wa kuwatenga na makabila mengine. Magazeti yanatumia "jamii za kiasili", na maneno hayo nayo yanamfanya msomaji afikiri kuwa suala ni nani alifika kwanza.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haikuuliza hivyo. Kikosi chake cha wataalamu, ambacho ripoti yake ilipitishwa mwaka 2003, kiliuliza mambo mengine: je, maisha na utamaduni wa jamii hii vimefungamana na ardhi fulani kiasi kwamba ikiondolewa hapo inakoma kuwa yenyewe? Je, imedharauliwa na kusukumwa pembeni kwa sababu ya namna inavyoishi? Kwa kipimo hicho mkulima wa Murang'a, hata awe maskini kiasi gani, yuko katika hali tofauti na mrina asali wa Mau, kwa sababu sheria za ardhi za nchi zilitungwa zikimfikiria mkulima.

Kenya haijawahi kuwa na msimamo thabiti hapa. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipopigiwa kura mwaka 2007, Tanzania iliunga mkono, Kenya ilijizuia. Miaka mitatu baadaye, Katiba ya 2010 ilikwenda mbali kuliko wengi walivyotarajia. Ibara ya 63 inahesabu ardhi za asili za jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Lakini Ibara ya 62 inaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Mau ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na Katiba haikusema moja kwa moja ni ibara ipi itangulie pale zinapogongana. Ndipo ulipo mzizi wa mgogoro kisheria.

Msitu ulipoteaje?

Mau ni kundi la misitu lenye ukubwa wa takriban hekta 400,000 katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Humo huanzia Sondu, Njoro, Ewaso Ng'iro Kusini na Mara. Mto Mara unavuka mpaka, unainywesha Serengeti, kisha unamwaga maji Ziwa Victoria upande wa Musoma. Majani chai ya Kericho, Ziwa Nakuru na umeme wa Sondu Miriu vyote vinautegemea msitu huu. Anayesema Mau ni suala la taifa zima, na la jirani zetu pia, hajatia chumvi.

Waogiek waliishi humo kwa asali na nyama ya porini. Hawakuzurura ovyo kama walivyosimuliwa. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa ardhi, umepanda kutoka miteremko ya chini hadi juu kwenye baridi, ili maua yakiisha huku nyuki wahamie kule, na mwenye mizinga ya mtarakwa awafuate bila kuvuka mpaka wa mwenzake. Huo ni umiliki kamili wa ardhi, wenye mipaka na warithi. Kilichokosekana ni karatasi.

Mkoloni aliona watu wasio na mashamba wala mifugo akahitimisha kwamba hawana ardhi. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza "Wadorobo", jina la dharau walilopewa, waondolewe misituni na kuchanganywa na makabila jirani. Serikali ikawa mwenye msitu. Sehemu kubwa za miti ya asili zilikatwa, ikapandwa misaipresi na misonobari ya mbao. Uhuru ulipopatikana bendera ilibadilika, ila mpango wa misitu ulibaki uleule.

Uharibifu mkubwa ulikuja baadaye, na hapa inafaa kwenda polepole kwa sababu ndipo lawama zinapokosewa. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau katika orodha ya misitu iliyohifadhiwa. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kuwapa Waogiek makazi. Ardhi iligawanywa, na kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2008 na kutoa ripoti mwaka uliofuata kilikuta kwamba vigogo wa siasa na watumishi wakubwa wa serikali ni miongoni mwa waliofaidi, pamoja na maelfu ya walowezi kutoka nje ya msitu. Kikosi hicho kilikadiria kuwa takriban robo ya Mau ilikuwa imepotea. Waogiek, ambao jina lao ndilo lililotumika kufungua mlango, wengi wao walibaki bila kitu.

Walikuwa tayari wamejaribu mahakama za nyumbani. Mwaka 2000 Mahakama Kuu iliwakatalia wale wa Tinet: hawakuwa na hati, na tena walikuwa wameacha maisha ya zamani, hivyo hawakuwa na dai. Kesi nyingine iliyofunguliwa mwaka 1997 iliamuliwa kwa upande wao mwaka 2014, baada ya miaka 17. Katikati ya hayo, Oktoba 2009, Shirika la Huduma za Misitu lilitoa ilani ya siku 30 kila mtu aondoke, Mwogiek na mlowezi bila kutofautishwa. Ilani hiyo ndiyo iliyowasukuma nje ya nchi kutafuta haki.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya imevunja ibara saba za Mkataba wa Afrika. Kuhusu msitu, majaji walisema hakuna ushahidi kwamba kuwepo kwa Waogiek ndiko chanzo kikuu cha uharibifu. Ripoti zilizowasilishwa, zikiwemo zilizoandaliwa na serikali yenyewe, zilielekeza kwenye uvamizi wa makundi mengine, mgao wa ardhi uliofanywa na serikali na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu waliyopata. Iliamuru pia mipaka ya ardhi yao iainishwe na hati ya pamoja itolewe ndani ya miaka miwili.

Hoja ya walinzi wa msitu

Itakuwa dhuluma kuidogosha hoja ya serikali, maana ina watu waaminifu nyuma yake. Mau ukikauka, hasara haitaishia Narok. Mkulima wa chini ya mto, mfugaji Mmasai, mkazi wa Nakuru na mvuvi wa Musoma hawakupiga kura katika mkutano wowote wa wazee wa Waogiek. Msitu unaogusa maisha ya watu wengi kiasi hiki unahitaji mlinzi anayewajibika kwao wote, na mlinzi huyo, inasemwa, ni dola.

Hoja ya pili ni mabadiliko ya maisha. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waogiek zaidi ya 52,000. Wengi wanalima, wanafuga, wanasomesha watoto, wanajenga nyumba za mabati. Ukanda uliotosha ukoo wa warina asali hautoshi idadi hiyo hiyo ya wakulima. Hili ni kweli, na wanaharakati wanaoendelea kuwachora Waogiek kama watu wa kale wasioguswa na dunia hawawasaidii. Wanawapa maadui wao silaha rahisi, kwamba picha moja ya shamba la viazi inatosha kubatilisha haki yote.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: hati hugawanywa na kuuzwa. Kenya imeona hilo kwa macho yake. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamasai ranchi za vikundi, ardhi ya pamoja chini ya wawakilishi. Ndani ya vizazi viwili, ranchi nyingi za Kajiado ziligawanywa, waliokuwa kwenye kamati wakapata vipande vinono, wengine wakauza kwa bei ya njaa, na leo uzio umekatiza njia za wanyama na mifugo. Hata baadhi ya Waogiek waliopewa vipande vya mtu mmoja mmoja Mau waliviuza. Anayeogopa kwamba hati ya Mau itaishia mikononi mwa madalali hajaota ndoto, amesoma historia.

Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye rekodi ya mlinzi mwenyewe. Msitu ulipotea ukiwa chini ya dola, na aliyetia sahihi mgao wa 2001 ni dola. Kikosi kazi kilichochunguza ukataji miti mwaka 2018 kilikuta rushwa na ukataji haramu ndani ya shirika lililopewa kazi ya kulinda. Kuwaondoa watu pia hakujaleta matokeo yaliyoahidiwa. Anayefukuzwa leo hurudi kesho usiku, kwa hofu na haraka, bila sababu ya kuulinda mti ambao kesho kutwa atafukuzwa tena kando yake. Na pale mwenye mizinga anapoondoka, hakuna jicho la kumwona mchoma mkaa.

Hoja ya wenye ardhi

Nguvu ya kwanza ya Waogiek ni ya kisheria: wana hukumu ya mwisho kutoka mahakama ambayo Kenya iliridhia mamlaka yake kwa hiari. Nguvu ya pili ni ya haki, na hii ndiyo inayokutana na tabianchi. Kenya haikuichafua anga, lakini inaambiwa ibebe gharama za joto. Inalalamika, na inalalamika kwa haki. Waogiek hawakuugawa msitu, lakini ndio walioambiwa walipe gharama ya kuurejesha, kwa kupoteza nyumba zao. Ukiwauliza wajumbe wetu kwa nini mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ni wa lazima, watakueleza kwamba mzigo ufuate kosa. Ndiyo kesi ya Arusha, neno kwa neno.

Mara nyingi huongezwa hoja ya tatu, kwamba wenyeji hutunza misitu vizuri kuliko serikali. Hapa nataka tuwe waangalifu. Ushahidi mwingi wenye nguvu umetoka Amazonia, kwenye maeneo makubwa yenye watu wachache na hati zinazolindwa na sheria. Mau umezungukwa na mashamba, barabara na masoko ya viazi. Kinachohamishika kutoka Amazonia hadi kwetu ni sharti: jamii hulinda pale inapokuwa na uhakika kwamba kesho bado itakuwa hapo. Bila uhakika huo, hata mrina asali mwenye maarifa ya mababu atakata mti kabla mwingine hajaukata.

Upande huu nao una nyufa. Hati ya pamoja ni ya nani hasa? Wapo watu wa jamii jirani waliooana nao na kuhamia. Wapo watakaojiita Waogiek siku daftari la wanachama litakapofunguliwa. Wanawake, ambao kwa mila hawakurithi ukanda wa asali, watakuwa na sauti gani kwenye kamati? Na mlowezi aliyenunua kwa nia njema, akauza ng'ombe wake wote huko alikotoka ili apate ekari tano zenye hati iliyopigwa muhuri wa serikali? Yeye pia ni maskini aliyedanganywa na dola. Amri ya Mahakama inaliona hili: pale ambapo wengine wamepewa haki juu ya ardhi hiyo, serikali ianze kwa mazungumzo, na maafikiano yakishindikana, iwafidie hao na kuirudisha ardhi. Gharama hiyo ni kubwa. Ila aliyeuza ndiye wa kuilipa.

Njia ya tatu: kaboni

Katikati ya pande hizi mbili ameingia mwenye mkoba. Msitu uliosimama sasa una bei, kwa kuwa kampuni za nchi tajiri zinalipa ili hewa chafu zinayoitoa ihesabiwe kuwa imefidiwa na miti ya mahali pengine. Ndiyo maana wengi walishuku kwamba Sasimwani ilisafishwa kwa ajili ya biashara hiyo. Ushahidi wa wazi wa kuunganisha kisa hicho na mkataba wowote wa kaboni haujawekwa mezani, na si haki kuuzungumzia kana kwamba upo. Lakini shaka yenyewe ina mantiki: ardhi isiyo na bei ikianza kuwa na bei, asiye na hati ndiye wa kwanza kuondolewa.

Faida za njia hii ni za kweli. Katika Bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, Wahadza, nao wawindaji na wakusanyaji, walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, si kwa mtu mmoja mmoja. Hati ikatangulia, biashara ya hewa ukaa ikafuata, na mapato yakaenda kwenye ada za shule, matibabu na posho za walinzi wanaofanya doria. Shinikizo la wakulima na wafugaji halijaisha, na bei ya kaboni hupanda na kushuka bila kumuuliza Mhadza. Hata hivyo mwenye mali ndiye aliyekaa mezani.

Mpangilio ukigeuzwa, mambo hugeuka pia. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii kaskazini mwa Kenya ziliundwa kinyume cha sheria, mojawapo ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya nyika. Ardhi ya jamii haikuwa imesajiliwa. Ridhaa ya wananchi haikupatikana ipasavyo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi kama ilivyorekebishwa mwaka 2023 inataka angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi yaende kwa jamii husika. Ni hatua njema. Lakini asilimia 40 ya kitu ambacho si chako kisheria ni ahadi tu.

Na kaboni haijibu swali la haki. Mchafuzi wa mbali anayenunua kivuli cha msitu wa Mau hajapunguza moshi wake hata kidogo. Kwa mantiki ya haki ya tabianchi, fedha za misitu zilipaswa kuja kama deni linalolipwa. Huko Glasgow mwaka 2021 wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za watu wa asili. Ni fedha za aina hiyo, zisizomruhusu mtoaji kuendelea kuchafua kwa sababu ametoa, ambazo Kenya ingepaswa kuzipigania kwa ajili ya kupima mipaka na kuwafidia walowezi.

Tumeona nini kwingine?

Kuna visa vya karibu vinavyopima hoja hizi kuliko nadharia. Embobut, kwenye vilima vya Cherangany, Wasengwer, jamii nyingine ya msituni, walifurushwa kwa nguvu mwaka 2014. Umoja wa Ulaya ulifadhili mpango wa kulinda vyanzo vya maji katika eneo hilo hilo hadi Januari 2018, mwanamume mmoja wa Wasengwer alipopigwa risasi na kufa. Ndipo ufadhili uliposimamishwa. Fedha zilizokuja kwa jina la tabianchi ziliisha na mtu akiwa kaburini na mgogoro ukiwa palepale.

Mlima Elgon una habari nyingine. Chepkitale, ardhi ya tawi jingine la Waogiek, ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000 bila wao kushauriwa. Walikataa kuondoka. Badala ya kungoja, waliziandika sheria zao za kale, wakapiga marufuku uchomaji mkaa ndani ya eneo lao na kuteua walinzi wao wenyewe. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilisema kwamba ardhi ile ilichukuliwa isivyo halali na ni ya jamii. Watu walithibitisha ulinzi kwanza, karatasi ikafuata.

Babati nayo, kusini mwa mpaka wetu, ilitangulia wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Tanzania ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia, baadhi walianza kukata haraka kabla hawajafungiwa. Maafisa wa misitu wakabadili mawazo, wakaviachia vijiji vyenyewe umiliki na ulinzi. Sheria ndogo zikatungwa, doria zikaanza, na msitu ukarejea. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 iliufanya utaratibu huo kuwa wa nchi nzima. Tofauti ni kwamba vijiji vya Tanzania tayari vina mamlaka kisheria juu ya ardhi ya kijiji. Kenya ililazimika kungoja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa konokono.

Kupima

Nikiviweka vyote kwenye mizani, naona hoja ya serikali ina uzito kuhusu hatari, na haina uzito kuhusu tiba. Hatari ya hati kuuzwa ni ya kweli, hatari ya kilimo kumeza msitu pia. Lakini kufurusha hakuondoi hatari hizo, kunaondoa mashahidi. Tiba ya hati inayouzwa ni hati isiyouzika. Sheria inaweza kutamka kwamba ardhi ya pamoja ya Waogiek haigawanywi, haiuzwi wala haiwekwi rehani, na kwamba matumizi yake yamefungwa na mpango wa usimamizi unaosema wapi ni asali na msitu tu, wapi pana makazi, wapi kilimo kikome. Shirika la misitu likabaki kuwa mkaguzi mwenye uwezo wa kushtaki, na jamii za chini ya mto zikapewa viti kwenye usimamizi wa maji.

Mpango huo una maumivu, na asiyeyataja anadanganya. Baadhi ya familia za Waogiek zitaambiwa ziache mashamba yaliyoko kwenye miinuko ya vyanzo vya maji. Vijana watakaotaka kipande cha kuuza ili kuanza biashara mjini hawatakipata. Hazina itatoa fedha nyingi kuwafidia walionunua kwa nia njema, wakati shule na hospitali zinadai. Wanasiasa watapoteza ardhi ya kugawa kila uchaguzi unapokaribia. Hili la mwisho ndilo, kwa maoni yangu, linaloeleza ukimya wa miaka mingi kuliko hoja yoyote ya kisayansi. Kikosi kazi kiliundwa mwaka 2017 kushauri namna ya kutekeleza hukumu, na ripoti yake haikuwekwa hadharani.

Kuhusu hofu kwamba kila kabila litadai msitu, hukumu ya Arusha imejifunga kwenye masharti mazito: ardhi iliyokaliwa tangu zamani, maisha yaliyofungamana nayo, kutengwa kunakothibitika. Jamii chache sana nchini zinaweza kuyatimiza. Zile zinazoweza, Wasengwer na wengineo, kuzisikiliza mapema ni nafuu kuliko kushtakiwa moja moja kwa miaka kumi.

Mahakama iliipa Kenya miaka miwili kuainisha mipaka na kutoa hati. Muda huo uliisha Juni 2024 bila hati ya pamoja kutolewa. Kila mwaka ujumbe wetu hupanda ndege kwenda kudai haki ya tabianchi, na una kila sababu ya kuidai. Kabla ya safari ijayo, Wizara ya Ardhi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi wapeleke wapimaji Mau, waketi na wazee, wanawake na vijana wa Waogiek, na waanze kuweka alama za mipaka.